Walitimiza Kila Walichoahidi, Vitabu Vikabaki Kwenye Maboksi

(Maneno niliyoyasema mbele ya waandishi wenzangu, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kidogo kwa ajili ya ambao hawakuwepo ukumbini.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, wazee wetu wa kalamu, wachapishaji mliokubali kukaa meza moja na sisi tunaojichapishia wenyewe, waandishi wenzangu, mabibi na mabwana: habari za asubuhi.

Katibu aliniomba nizungumzie fursa za masoko ya kitabu cha Kiswahili katika zama za kidijitali. Mada ni pana, na wengi wameshaizungumza wakiwa na projekta. Kwa ruhusa yenu nitaibana. Nitazungumzia shilingi milioni moja na laki nane nilizoilipa kampuni moja ya kutangaza vitabu, na kilichofuata baada ya hapo. Kampuni yenyewe sitaitaja. Anayeijua ataitambua, na asiyeijua atakutana na inayofanana nayo kabla mwaka haujaisha.

Nianze kwa kuwatendea haki. Hawakuniibia. Nimeupitia mkataba kifungu kwa kifungu, na kila kilichoandikwa mle kilifanyika. Hicho ndicho kilichonisimamisha hapa. Mwizi tunamjua, na polisi wanajua pa kumpeleka. Lakini mtu anayetimiza mkataba mpaka nukta ya mwisho, huku vitabu vyako vikiendelea kulala kwenye maboksi chini ya kitanda, huyo bado hatujajua tumweke kundi gani.

Riwaya yangu inahusu mashamba ya mkonge. Inaanzia Muheza mwaka 1964, ule mwaka ambao uzalishaji wetu ulivuka tani 230,000, kiwango ambacho hatujakifikia tena mpaka leo. Inafuata familia ya manamba kutoka Kasulu: babu aliyeletwa kwa treni kuja kukata mkonge, mtoto aliyezaliwa kambini, mjukuu anayeuza simu Tanga mjini na hataki kabisa kusikia habari za kambi. Nilichapa nakala 500 kwa fedha yangu. Bei ni shilingi 15,000. Takwimu hizi mzishike, tutazirudia.

Nilipoposti picha ya jalada tu, ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana mstaarabu kabisa. "Shikamoo mama. Nimeona kazi yako, hongera sana. Kitabu kizuri kama hiki kinahitaji kusukumwa." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza kama amekisoma. Akasema amekiona.

Nyuma ya ujumbe huo likaja faili lenye vifurushi vitatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Shaba ni posti za mitandaoni. Fedha ni posti, mahojiano ya redio na kampeni ya kuwafikia watu 200,000. Dhahabu ni hayo yote, pamoja na kukufanya mwandishi namba moja Amazon. Nikachukua Fedha. Nikalipa kwa lipa namba, nusu mwanzoni na nusu kampeni ikiwa katikati. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliahidiwa.

Kazi ikaanza kwa picha. Kitabu changu, chenye jalada la shamba la mkonge na reli ya trola, kimelazwa juu ya meza ya mbao. Kando yake kuna kikombe cha kahawa ambayo povu lake limechorwa moyo, na kuzunguka kikombe majani makavu mekundu, yale yanayodondoka Ulaya kunapokaribia baridi. Muheza majani hayo hayajawahi kudondoka. Nikasema sawa, vijana wana macho yao. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wao nikateremka chini. Meza ileile, kikombe kilekile, majani yaleyale, ila juu yake kuna kitabu cha maisha ya ndoa. Teremka tena: kilimo cha parachichi. Teremka: mahubiri. Ni kiolezo. Unaingiza jalada, unasevu, umemaliza. Na maneno yaliyoandikwa chini yalikuwa hayohayo kwa wote: "Kitabu ambacho hutakiweka chini! Jipatie nakala yako leo!" Jipatie wapi, hapakuandikwa. Hapakuwa na namba ya simu wala jina la duka.

Komenti zikaanza kumiminika. "Hongera sana mama." "Moto!" "Unaweza." Nakiri zilinipendeza, nani asiyependa kuambiwa anaweza? Kisha nikaanza kufungua kurasa za hao wanaonipongeza, mmoja mmoja. Yule wa parachichi alikuwemo. Wa mahubiri alikuwemo. Wengi wao walikuwa waandishi, wateja wa kampuni ileile. Nami nilikuwa nimeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambako kila asubuhi tunatumiwa viungo vya posti za wenzetu tuziwekee laiki na komenti, kwa moyo wa ushirikiano. Kwa hiyo tulikuwa waandishi wengi tu tumefungiwa chumba kimoja tunapigiana makofi, na kila mmoja anadhani makofi yale yanatoka kwa wasomaji.

Halafu redio. Nilipangiwa Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtangazaji hakuwa na kitabu mkononi; alikuwa na karatasi yenye jina langu, nalo limekosewa herufi. Akaniuliza nini kilinisukuma kuandika. Nikaanza kueleza habari za SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikiajiri vibarua wa mkonge kutoka Kigoma, Songea, Njombe, mpaka Rwanda na Burundi za wakati ule. Kabla sijafika mbali akaweka wimbo. Tuliporudi akaniuliza swali ambalo nadhani kila mwandishi humu ndani ameshaulizwa: "Mama, una ujumbe gani kwa vijana?"

Hapo ndipo alipopiga simu mzee mmoja kutoka Kilosa. Akasema marehemu baba yake alikuwa mkata mkonge Kimamba, na kwamba hajawahi kumsikia mtu akiwataja watu wale redioni. Akauliza: "Hicho kitabu kinapatikana wapi, mama?" Nikafungua mdomo nitaje namba yangu. Mtangazaji akanitangulia: "Mzee wangu, tembelea kurasa zetu za mitandao ya kijamii," kisha likaingia tangazo la mabati.

Katika kampeni nzima, yule mzee wa Kilosa ndiye msomaji pekee niliyemsikia kwa masikio yangu. Nilirudi kituoni kuomba namba yake, nikaambiwa simu za wasikilizaji hazihifadhiwi.

Mwisho wa kampeni nikaletewa ripoti. Inapendeza, ina grafu za duara za rangi nne. Watu waliofikiwa: 214,000, yaani walipita lengo. Zaidi ya nusu ni wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Nikaipekua mara mbili kutafuta nakala zilizouzwa, sikuona safu hiyo. Nikampigia kijana wangu, yule wa kampuni. Kwa adabu zake zote akanijibu: "Mama, sisi tunatengeneza mwonekano. Mauzo ni upande wa mwandishi." Nikarudi kwenye mkataba, na kweli kifungu kipo, kwamba kampuni haitawajibika kwa kiwango cha mauzo.

Ndugu Mwenyekiti, niseme kidogo kuhusu hao 214,000, maana takwimu za namna hiyo ndizo zinazotulevya. Facebook na Instagram wanapokwambia mtu amefikiwa, maana yake ni kwamba tangazo lilitokea kwenye kioo cha simu yake. Kama kidole kilikuwa mbioni kuitafuta video ya mpira, bado amefikiwa. Jambo la pili ni kwamba anayeweka tangazo huuambia mtandao anataka nini: watu wa kuweka laiki, watu wa kubofya kiungo, au watu wa kutuma ujumbe waulizie bidhaa. Mtandao unamtii. Ukiuomba laiki, utawatafuta watu wenye tabia ya kuweka laiki kwenye kila kitu, na watu hao ni rahisi kuwapata. Anayenunua vitabu ni ghali zaidi kumpata. Kampuni iliyokuahidi idadi ya watu, na si idadi ya nakala, ina kila sababu ya kutafuta watu wa bei rahisi.

Sasa turudi kwenye hesabu, na wenye kalamu waandike. Nakala moja ilinigharimu shilingi 7,000 kiwandani. Duka la vitabu linachukua asilimia 35 ya bei, yaani 5,250. Ukitoa hiyo kwenye 15,000 inabaki 9,750. Toa uchapaji, inabaki 2,750. Toa nauli ya bodaboda na boksi la kusafirisha mkoani, tuseme 250. Ninabaki na 2,500 kwa kila nakala. Gawanya milioni moja na laki nane kwa 2,500. Unapata nakala 720.

Nilichapa 500.

(Ukumbi ulicheka hapa, nami nilicheka nao.)

Maana yake hata kama kila boksi lingeisha dukani, hata kama watu wangegombania nakala ya mwisho, kampeni ile isingerudisha fedha yake. Ningeuza zote mkono kwa mkono, bila duka, ningehitaji nakala 225 kuilipa kampuni kabla sijaona shilingi yangu ya kwanza. Ninaamini kijana wangu angeweza kuipiga hesabu hiyo kwa simu yake chini ya dakika moja. Hakuwa na sababu ya kuipiga. Biashara yake haimtegemei msomaji hata kidogo. Inategemea waandishi wapya wanaoposti jalada kila wiki wakiwa bado na furaha ya kushika kitabu kinachonukia wino. Soko lake ni sisi tuliokaa humu ndani.

Kuhusu Dhahabu, ile ya namba moja Amazon, nina la kusema pia, kwa sababu wenzetu wawili humu wameshanionyesha vyeti vyao. Amazon hupanga vitabu kwa makundi madogo madogo mengi mno, na orodha za wanaoongoza hubadilika kila saa. Ukikiingiza kitabu kwenye kundi ambalo siku hiyo hakuna aliyenunua kitu, nakala chache tu zinakupandisha juu, unapiga picha ya kioo, unateremka. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja anayefanya kazi hizi za masoko, Brent Underwood, aliamua kulianika jambo hilo. Alipiga picha mguu wake, akaifanya jalada la kitabu ambacho ndani hakina kitu, akakipachika kwenye kundi dogo linalohusu Freemason na vyama vya siri. Zikauzwa nakala tatu, moja akiwa amenunua mwenyewe. Amazon ikamwekea alama ya kuwa namba moja kwenye kundi hilo. Kwa hiyo anayekuuzia namba moja hakudanganyi. Namba moja utaipata. Kama msomaji wako wa Kiswahili yuko Songea na hana kadi ya kulipia mtandaoni, sijui utaipeleka wapi.

Wapo walio wabaya kuliko hawa wangu, na mnawapokea kwenye barua pepe zenu sasa hivi. Anajitambulisha kuwa wakala wa mchapishaji mkubwa wa New York, au mtayarishaji wa filamu aliyevutiwa na hadithi yako, au klabu ya wasomaji wa Uingereza inayotaka kukijadili kitabu chako. Anakisifia kwa aya tatu ndefu zenye ladha ya kutengenezwa na mashine, kisha mwishoni kunachomoza ada ndogo. Kule Marekani utapeli huu wa waandishi ni mkubwa kiasi kwamba tangu 1998 kuna waandishi wa hadithi za sayansi wanaoendesha mradi wa Writer Beware, kazi yao kuuanika. Mwanzoni mwa 2025 waendesha mashtaka wa San Diego walitangaza kesi dhidi ya watu wanaodaiwa kuwachukulia waandishi zaidi ya 800, wengi wao wazee, jumla ya dola milioni 44 kwa ahadi za kuvifikisha vitabu vyao kwa wachapishaji wakubwa na Hollywood. Mtu anayekupenda hivyo bila kukujua, akakutajia ada, mfute. Akikutumia meseji ya simu, ipeleke kwa TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, namba 15040.

Lakini hao ni matapeli, na tukibaki kuwazungumza wao tutawasahau wale wastaarabu wa kifurushi cha Fedha. Nirudi kwenye mkonge.

Msomaji wangu ni nani? Swali hili kampuni haikuniuliza, na kwenye fomu yao lipo: "Hadhira lengwa." Wao walijaza: vijana, Tanzania nzima. Yule mzee wa Kilosa alinifanya nikae nifikiri. Watu wenye sababu ya kukinunua kitabu changu ni watoto na wajukuu wa manamba. Wako Muheza, Korogwe, Pangani, Kimamba, Ngerengere, na wako pia kule babu zao walikotoka: Kasulu, Kibondo, Songea, Makambako. Wana umri wa miaka arobaini kwenda juu, wengi ni walimu, wauguzi, watumishi wastaafu. Wana makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, ya ukoo, ya kuzikana. Hawafuatilii kurasa za vitabu. Wanafuatilia misiba, harusi na siasa za kijijini kwao.

Nikaandika ukurasa mmoja tu, sehemu ile babu anaposhuka stesheni kwa mara ya kwanza na kupewa kipande chake cha namba. Nikautuma kwa mwalimu mstaafu wa Korogwe niliyesoma na mdogo wake, nikaweka bei, namba yangu ya simu, na jina la wakala wa basi anayeweza kupokea boksi. Yeye akaurusha kwenye kundi la wastaafu. Jioni ile simu yangu ilikuwa ya moto. Mama mmoja wa Makambako aliagiza nakala saba: sita za ndugu zake, moja kwa kila mmoja, akasema ya saba ataisoma mwenyewe kwanza ahakikishe sijawatukana wazee. Mtu mwingine alinipigia kunisahihisha: trola za shamba lao hazikuvutwa na watu, zilikuwa na injini. Tulibishana nusu saa, na mwishoni akanunua mbili.

Sitaki mtoke hapa mkiamini kila kitabu kinauzika kwa kundi la WhatsApp. Anayeandika mashairi ana kazi ngumu kuliko yangu. Anayeandika kwa ajili ya watoto atapaswa kuingia shuleni, na huko kuna milango yake. Ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, inakusogeza karibu na milango hiyo kuliko posti yoyote, na kuingia hulipi. Wala si jambo geni kwetu mwandishi kubeba boksi mwenyewe. Marehemu Ben Mtobwa aliandika hadithi zake za upelelezi na akaendesha pia kampuni ya kuzichapisha, Heko, na vitabu vile tulivikuta kwa wauza magazeti, mahali ambapo msomaji wake alikuwa anapita kila siku.

Nasema pia kwamba kulipa mtu akutangazie si dhambi. Wapo wanaoijua kazi. Ila siku hizi, kabla sijatoa hata shilingi, namwomba anitajie kitabu kimoja alichokitangaza na anipe namba ya mwandishi wake nimpigie mwenyewe. Namuuliza msomaji atanunulia wapi akishaliona tangazo, na nataka jibu lenye jina la duka au namba ya simu. Nataka akaunti ya matangazo ifunguliwe kwa jina langu, nione kila shilingi imekwenda kwa nani. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa mtu yeyote: unaandika jina la ukurasa, unaona matangazo yanayoendelea muda huo. Kampeni yangu ilipokuwa hewani sikujua kama kitu hicho kipo. Nilipokijua nikawachungulia walionitangazia, nikakuta tangazo moja tu linakimbia. Lilikuwa la vifurushi vyao, wanawatafuta waandishi.

Na malipo yagawanywe. Sehemu ilipwe kwa kazi, sehemu ifuate nakala zilizouzwa kupitia namba maalumu tuliyokubaliana. Nimemweleza hivyo kijana wangu aliponirudia kunishawishi kwa kifurushi cha pili. Akasema atawasilisha kwa uongozi. Bado nasubiri, pamoja na ile risiti ya EFD.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa umoja wetu kabla sijaketi. Tuwe na daftari. Kila mwanachama aliyewahi kulipia huduma ya kutangaza kitabu aandike: alilipa kiasi gani, aliahidiwa nini, aliuza nakala ngapi wakati wa kampeni na miezi mitatu baada yake. Daftari likae kwa Katibu, na mwanachama anayetaka kulipa apitie kwake kwanza asome. Waliouza vizuri nao waandike, tena hao hasa, ili tujue nani wa kumpa kazi. Nimeshajaza ukurasa wa kwanza, na karatasi tupu ziko mezani pale karibu na chai. Katibu amenihakikishia kalamu zipo.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.